Swichi Tuliyoiosha

Jescah Namalwa alikuwa fundi wa mtandao. Kama kuna fundi mwingine hapa Kakamega anayeweza kutambaa juu ya dari saa saba mchana, bati linawaka, amevaa sketi, na ashuke bila kumtukana mtu, mimi sijamwona. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi nasikia watu wakisema hakujua kazi. Wananiudhi sana. Mimi ni Edah, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, na kwa miaka minne tuligawana chumba kimoja mjini. Upande wangu kulikuwa na mashine zangu na karatasi, upande wake meza ya mbao na vifaa vilivyofunguliwa matumbo. Alijua kazi.

Alizaliwa Matungu, kwa mkulima wa miwa. Alipomaliza shule aliandikwa kwenye kiwanda cha sukari, pale kwenye mizani, akiingiza uzito wa miwa kwenye kompyuta. Kompyuta ikikwama, foleni ya matrekta inafika barabarani na madereva wanaanza kumtaja mama yake. Fundi wa kiwanda alikuwa mtu wa kuitwa asubuhi akaja jioni, basi Jescah akazoea kuinama chini ya meza mwenyewe, kuufuata waya kutoka unakotoka mpaka unakoingia. Ndiyo shule aliyosomea mtandao. Hakuwa na cheti wala kofia ya mahafali, alikuwa na magoti yenye sugu.

Kiwanda kilipofungwa, wenzake walirudi nyumbani kungoja kifunguliwe. Yeye alikuja Shirere, akapanga chumba, akaanza kuvuta mtandao kwenye nyumba za wanafunzi. Mambo yalimnyookea kwa muda. Kisha kampuni kubwa zikaleta waya zao mpaka milangoni, pamoja na vijana wenye sare na ngazi mpya, na nyumba zikamwacha moja baada ya nyingine. Mwaka jana nilimkuta ameshika tama, mbele yake chaja tatu za simu ambazo ndizo kazi zake zote za siku hiyo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

"Edah," aliniambia, "nikirudi Matungu mara hii, sitokangi tena. Nitazeekea kwa hiyo miwa, na hakuna hata mtu wa kuinunua."

Hakuwa anatia chumvi. Nilimjibu kwamba Mungu yuko.

Ndipo akaja Mwalimu Phineas. Huyu ni mkuu wa chuo kimoja kidogo cha watu binafsi kule Shirere, mtu wa tai hata Jumamosi. Chuo chake kilikuwa na tatizo: kompyuta za afisi na za wanafunzi zilikuwa kwenye mtandao mmoja. Mwezi wa pili mwanafunzi mmoja alikuwa akitafuta printa ya maabara, akaangukia ya afisi, akabonyeza hapa na pale, akatoka na mtihani wa wiki iliyofuata uliokuwa umehifadhiwa humo. Tangu siku hiyo Mwalimu hakuamini printa za chuo tena. Mitihani yote akawa ananiletea mimi nichape, na ndiyo kazi inayoniweka mjini mpaka leo.

Alisimama katikati ya chumba chetu, akaongea na Jescah. "Madam, nataka wanafunzi wakae kivyao, afisi ikae kivyake, wasionane. Lakini wote wafikie ile kompyuta kubwa yenye maktaba na rekodi, kila mtu na ruhusa yake. Wakaguzi wanakuja Jumatatu ya wiki ijayo. Wakikuta inafanya kazi, wewe ndiye fundi wa chuo, kazi ya kudumu. Bodi imekubali. Ikishindikana, kuna kampuni ya Kisumu inangoja tu niipigie."

Barua ya kumwajiri Jescah niliichapa mimi mwenyewe siku hiyo hiyo, ikabaki kutiwa sahihi. Alipolisoma jina lake pale juu alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu tuanze kukaa pamoja.

Sasa nitaeleza swichi, na asiyetaka kusikia asubiri kidogo. Swichi ni kile kisanduku cha chuma, bapa, chenye matundu mengi ya waya. Kompyuta za afisi zinachomekwa humo na zinaongea. Ukitaka kuzigawa makundi mawili yasiyojuana, swichi nyingi zitakubali. Lakini ukitaka makundi hayo uliyoyatenganisha yapelekwe mahali pamoja kwa njia unazochagua wewe, unahitaji swichi inayojua kuelekeza. Mafundi wanasema inaruti, au wanaiita leya tatu. Chuo hakingeweza kununua mpya ya aina hiyo, kwa hivyo ilikuwa lazima itafutwe ya mtumba. Na balaa ya swichi za mtumba ni kwamba inayojua na isiyojua zinafanana kabisa kwa nje, matundu yale yale, rangi ile ile, hata vumbi lile lile.

"Watu wanahesabunga matundu," Jescah alinieleza tukienda kuitafuta Alhamisi. "Matundu hayakwambii kitu. Unasoma namba kwa stika, inakuonyesha chuma kinaweza nini. Lakini si chuma kinaruti, ni programu ya ndani. Chuma kimoja, programu mbili, moja inajua, ingine haijui. Mpaka uingie ndani uiulize."

Tulienda kwa Willis, kijana anayeuza vifaa vya afisi zilizofungwa. Anavileta kutoka Nairobi vikiwa vimefungwa kwa magunia kama viazi. Jescah aliigeuza swichi moja chini juu, akaipuliza vumbi, akaisoma stika huku akisogeza midomo. Namba ilikuwa nzuri.

"Willis, hii inaruti kweli?"

"Auntie, hii ni leya tatu mzima mzima. Jamaa alikuwa anaendesha afisi yote nayo. Niko na video alinitumia akiitesti."

"Nionyeshe."

"Simu imezima, auntie. Stima iliendanga tangu asubuhi."

Na kweli mtaa mzima haukuwa na stima, hata swichi yenyewe haingeweza kuwashwa. Jescah aliipapasa kidogo, akaniangalia. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Willis akasema tuichukue, na isipofanya kazi turudishe, bora tu irudi vile ilivyotoka. Tukaichukua.

Ijumaa asubuhi aliiweka mezani, akachomeka ule waya wa bluu wa kuongea na swichi, akawasha. Ilikoroma dakika kadhaa. Kisha kwenye kompyuta yake yakatokea maandishi ya Kiingereza yaliyozungushiwa nyota: mfumo huu una wenyewe, asiye na ruhusa akiingia atashtakiwa. Chini yake ikaomba neno la siri.

Mimi nikaruka nyuma. Lazima niseme kwa nini. Ndugu yangu Osiako alikuwa akitengeneza kompyuta katika chumba hiki hiki kabla ya Jescah. Siku moja alinunua ya mtumba, kumbe ya wizi, akaiacha mezani bila kuifuta, na polisi wakaja wakaikuta imejaa picha za harusi ya mtu na barua za mtu. Alilala ndani siku sita, akatoka amekonda, akatupa bisibisi zake. Siku hizi anachimba dhahabu Malinya. Baada ya hapo maduka yote ya mstari wetu yakajiwekea desturi: mashine yoyote ya mtumba ikiingia inaoshwa kwanza. Kuosha ni kufuta kila kitu kilichomo, hata programu, kisha unaiwekea programu yako. Hatuulizi mashine ilitoka wapi, tunaosha. Na hakuna mtu kwenye mstari huo aliyeishika desturi hiyo kwa ukali kuliko mimi.

"Osha," nikamwambia.

Jescah alicheka. "Hiyo onyo iko kwa kila swichi ya afisi. Wanaandikanga tu."

"Hata Osiako alicheka."

"Nipe saa moja, Edah. Hapa mbele iko na kidude, nikikifinya wakati inawaka nitaingia bila neno la siri na bila kufuta. Nataka nione imebeba nini kwanza."

"Walipokuja kwa Osiako, unajua walichukua dakika ngapi? Osha hiyo kitu. Osha yote, ama uitoe hapa kwangu sasa hivi."

Nilisema hapa kwangu. Chumba kilikuwa kwa jina langu, na yeye alikuwa anakaa humo kwa hisani yangu, na wote wawili tulijua hivyo. Aliendelea kuangalia kile kidude cha mbele, kidole kikiwa juu yake. Nilisimama mlangoni nikitazama barabara kwa macho yote mawili, eti naangalia polisi. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta.

Aliiosha vizuri, kama alivyofanya kila kitu. Alifuta maelezo ya wenyewe, akafuta na programu. Kisha akachukua flashi yake yenye ile programu ya swichi ambayo mstari mzima tunaitumia, aliyotoka nayo kiwandani na hajawahi kuijaribu kuruti, akaiingiza polepole. Ilichukua mpaka alasiri. Swichi ikaamka safi, haina jina la mtu, na mimi roho ikatulia, nikaenda kuchapa kadi za mazishi ya watu.

Nikamsikia anaandika. Kisha anaandika tena, kitu kile kile, nilijua kwa mlio.

"Inakataa," akasema. "Nimeiambia iruti, inasema haijui hilo neno."

Alijaribu mpaka tukafunga duka. Mimi nilianza kumtukana Willis nikiwa bado nafunga kufuli.

Jumamosi saa mbili tulikuwa kwa Willis. Niliingia mbele. Nilimwita mwizi, nikamwita muuza vyuma chakavu, nikamwambia watu wa aina yake ndio wanaoua biashara za wanawake. Watu walisimama kutazama. Willis alitoa simu yake, safari hii ina moto, akatafuta video, akampa Jescah.

Ilikuwa swichi yetu, niliitambua kwa mkwaruzo uliokuwa pembeni yake. Mkono wa mwanamume ulikuwa unaandika. Swichi ilikuwa inajibu. Ilitoa orodha ya njia, mtandao huu kupitia hapa, mtandao ule kupitia pale, mistari mingi.

"Rudisha nyuma," Jescah alisema. "Simamisha hapo."

Palikuwa na jina la programu iliyokuwa ndani. Alilisoma herufi moja moja, akiwa ameshika simu karibu na uso. Halikuwa jina la programu iliyo kwenye flashi yake. Aliirudisha simu mezani taratibu sana, utadhani ina maji ndani.

"Ilikuwa inajua," akasema. "Ile programu ya kuruti ilikuwa ndani yake. Nimeifuta mwenyewe."

"Si ungecopy kwanza, auntie?" Willis aliuliza. Hakuwa na ubaya, aliuliza tu. "Hiyo hauwezi pata hivi hivi. Kampuni inapeana kwa mtu ako na mkataba nao. Na jamaa wa hiyo afisi walifunga, hata namba yake haiingii."

Mimi niliyekuwa na mdomo dakika mbili kabla nilishika njia ya kutokea. Njiani, kila hatua nilikuwa nangoja aniambie, Edah, ni wewe. Hakuniambia. Ningefurahi angenitukana.

Siku hiyo na Jumapili yote alitafuta ile programu. Alimpigia Wanjala, mtu waliyefanya naye kazi kiwandani ambaye sasa yuko Eldoret, na Wanjala akamtumia moja, lakini ilikuwa ya swichi ya aina nyingine, ikakataliwa. Alipata nyingine kwenye mtandao, ikafika nusu ikakatika, na alipoirudia ikafika nzima ikiwa mbovu. Watu walikuwa wanatoka kanisani wakipita mbele ya mlango wetu na nguo zao nzuri, wanatusalimia mulembe, na Jescah anajibu mulembe bila kuinua kichwa. Nilimletea obusuma, ugali wetu, na mboga kutoka nyumbani. Chakula kilipoa, kikakauka juu. Nilikaa karibu naye nikiwa na pole yangu mdomoni saa nzima, kisha nikaondoka nayo.

Jioni alisimama, akajikaza kisabuni. Chuo kilikuwa na ruta ndogo, ile ya kuleta intaneti. Hiyo nayo inajua kuruti. Angeweza kuiunga na swichi yetu kwa waya mmoja, makundi yote mawili yapite humo.

"Itaweza?" nikamuuliza.

"Itaweza watu kumi na tano. Wakaguzi wakiangalia haraka, wakaenda, nitapata wiki moja ya kutafuta ile ingine." Kisha akasema, "Niombee," na Jescah si mtu wa kusema hivyo.

Jumatatu nilipeleka chuoni mafaili ya wakaguzi niliyokuwa nimeyachapa, kwa hivyo niliona yote. Wakaguzi walikuwa wawili. Mwanzoni mambo yalienda sawa kabisa. Kompyuta ya afisi haikuiona ya mwanafunzi, ya mwanafunzi haikuiona ya afisi, na maktaba ilifunguka kote kote. Jescah alikuwa amesimama pembeni ya kabati la waya, mikono nyuma, na niliona bega lake limeanza kushuka. Hapo Mwalimu Phineas akafurahi kupita kiasi. Akafungua mlango wa maabara akaita madarasa mawili yaingie, wakaguzi waone wanafunzi wakitumia maktaba kwa pamoja. Waliingia vijana sitini. Jescah alimkimbilia akimpungia mkono, lakini angemwambia nini mbele ya wageni?

Maktaba ikaanza kufunguka polepole. Kisha haikufunguka. Kisha hata afisi ikazimika, rekodi haziji, printa haziji, kila skrini ina kale kaduara kanakozunguka. Mkaguzi mmoja alingoja, akatazama saa yake, akaandika.

Walipoondoka, Mwalimu alimwita Jescah kwenye baraza, nje ya afisi. Mimi nilikuwa pale na mafaili yangu mkononi. Mwalimu hakupiga kelele. Huyo mtu si mbaya, na hilo ndilo linalonichoma.

"Madam, bodi itaniuliza leo. Nieleze mimi kwanza. Swichi ilikuwa mbovu?"

"Swichi ilikuwa nzuri, Mwalimu. Nilifuta programu yake kabla ya kuiangalia."

"Wewe? Mwaka jana nilipokuletea kompyuta ya mhasibu, ulikataa kuigusa mpaka utoe nakala ya kila kitu. Nakujua, wewe hufutangi kitu bila kuangalia." Alingoja. Jescah alikuwa anatazama sakafu. "Kama kuna jambo lilikusukuma, niambie, nikakutetee. Naweza kuwaomba wiki mbili, watanisikia. Lakini siwezi kuenda kwa bodi na kusema fundi alifuta tu."

Jescah alitikisa kichwa.

Mwalimu akanigeukia mimi. "Edah, nyinyi mnakaanga chumba kimoja. Siku hiyo ulikuwa?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, ningelisema kwa pumzi moja, na Mwalimu alikuwa ameufungua mlango wazi kabisa. Lakini nikiona hilo jibu naliona na linalofuata. Angeuliza, kwa nini umlazimishe? Ningesema polisi. Angeuliza, polisi gani? Na hapo ningemweleza habari za Osiako, kwamba chumba anakoleta mitihani yake kwa siri ndimo polisi walimokamatia mtu na kompyuta ya watu. Hakuwa anajua. Nilikuwa nimehakikisha hajui.

"Sikuwa, Mwalimu," nikasema. "Nilikuwa nimeenda kutafuta karatasi."

Mwalimu alimtazama Jescah, bado anatafuta kitu cha kushika.

"Ni kweli," Jescah akasema. "Hakuwa."

Alisema bila hasira, na hakuniangalia. Mwalimu akashusha pumzi, akamwambia pole, akaingia ndani kupiga simu Kisumu. Jescah alipiga magoti mbele ya kabati, akaanza kutoa waya zake, anaukunja mmoja, anaufunga, anachukua mwingine. Nilimshikia begi likiwa wazi.

Alhamisi alibeba vitu vyake akaenda Matungu. Huwa ananipigia, ananiuliza kama biashara iko, namwambia iko. Mitihani ya muhula huu nimemaliza kuichapa jana.